Mkono Ulioshonwa Kinenani: Tusilaumu Tusilolijua

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza. Mimi nitakusimulia juma hili jinsi nilivyotembea katika giza hilo mchana kweupe, nikiwa na cheti cha ualimu mkononi, na jinsi maneno yangu yalivyokaribia kumpotezea mtoto wa watu mkono wake.

Katika vilima vya Mahango, huku Kasese kwenye miteremko ya Rwenzori, habari haihitaji gari. Huteremka kwa miguu pamoja na magunia ya kahawa, hufika barabarani, huendelea hadi Bwera, na siku ya soko huwa imekwisha kufika mpakani Mpondwe, ambako huongezwa chumvi na kurudishwa mlimani ikiwa imenenepa. Ndivyo ilivyokuwa kwa habari ya mtoto huyu. Ilisemwa kwamba hospitali moja ya upande wa mji mkuu imemshona mtoto wetu mkono wake tumboni, kama mtu ashonavyo mfuko kwenye kaptura.

Mtoto mwenyewe ni msichana wa miaka sita. Alipokuwa na miaka miwili, maji ya kusongea obundu yalimmwagikia mkono wa kulia. Mama yake alikuwa ameinama kuongeza kuni, na mtoto akashika ukingo wa sufuria iliyokuwa juu ya mafiga. Jirani wa kwanza alikuja na yai, wa pili akaja na unga wa muhogo. Kidonda kilichukua miezi kupona. Kilipopona, kovu lilianza kujivuta pole pole kama ngozi ya mbuzi iliyoachwa juani, na vidole vikakunjika kuelekea kiganjani mpaka mkono ukawa ngumi isiyofunguka. Alipofika umri wa kwenda shule, hakuweza kushika kalamu wala kikombe, na wenzake wakampa jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Baba yake aliuza kahawa ya msimu mzima, mama akafunga safari na binti yake, zaidi ya kilomita 300. Huko ndiko alikofanyiwa upasuaji. Mjomba wake alikwenda kumtazama wodini, akapiga picha kwa simu, akarudi nayo mlimani. Picha ile ilionyesha mtoto amelala, mkono umefungwa kwa bandeji kiunoni, na kiganja kimeunganishwa na ngozi ya chini ya tumbo, penye kinena.

NENO NILILOLISEMA

Baba wa mtoto alinijia ofisini alasiri moja. Ijapokuwa niliacha kufundisha nikahamia ofisi za serikali, watu bado huniita kwa kazi yangu ya zamani.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe ndiwe uliyesoma. Niambie, hii ndiyo dawa?"

Ndugu msomaji, niliitazama picha ile kwa muda usiozidi wa kumaliza kikombe cha chai. Sikumwuliza daktari amesema nini. Sikumwuliza mama amesema nini. Nilimjibu kwa sauti ya mtu ajuaye: "Ndugu yangu, haya ni mambo ya urembo ya nchi tajiri. Wanajifunzia kwa watoto wa maskini. Mkono wa mtu mahali pake ni begani, si tumboni. Kamchukue mwanao kabla hawajamharibu."

Aliondoka usiku ule ule kwa basi. Mimi nilirudi nyumbani nikala, nikalala usingizi mzuri, nikijiona nimemsaidia mwananchi.

Siku mbili baadaye nilimweleza kisa hiki tabibu mmoja ninayefahamiana naye, nikitarajia aniunge mkono. Badala yake aliweka kalamu chini akaniuliza: "Upasuaji ulifanyika lini?" Nikamwambia yapata siku kumi. Akasema: "Basi omba Mungu huyo baba asimng'oe mtoto huko. Akiondolewa leo, ngozi ile huenda ikafa, na kano za vidole zitabaki wazi." Kisha akanieleza jambo ambalo ningalipaswa kuuliza kabla ya kufungua kinywa changu.

JINSI KAZI HIYO INAVYOFANYWA

Mganga anapofungua mkono uliokunjwa na kovu, hulikata kovu lile na kuvinyosha vidole. Vidole vikishanyooka, pale palipokuwa na kovu panabaki pengo lisilo na ngozi, nalo lazima lizibwe. Zipo njia kadhaa za kuliziba.

Njia iliyozoeleka ni kuchuna ngozi nyembamba, aghalabu ya paja, na kuibandika juu ya pengo. Ngozi hiyo hukatwa kabisa kutoka ilikotoka, kwa hiyo haina damu yake yenyewe. Huishi kwa kunyonya kutoka sehemu iliyobandikwa mpaka mishipa midogo ya damu iote na kuingia ndani yake. Ni sawa na mche uliong'olewa kitaluni: ukipandwa kwenye udongo wenye maji hushika, ukiwekwa juu ya jiwe hukauka. Ikiwa kovu limeingia ndani sana, hata kano au mifupa ikabaki wazi baada ya kukatwa, hapo ngozi nyembamba imewekwa juu ya jiwe.

Hapo ndipo inapohitajika njia ya pili, isiyo ya kawaida machoni petu. Daktari hukata ukanda wa ngozi pamoja na mafuta yake penye kinena, lakini haukati wote. Upande mmoja huachwa umeshikamana na mwili, na kupitia shina hilo mshipa wa damu huendelea kuulisha ukanda. Ncha ya pili hushonwa mkononi juu ya lile pengo. Mkono hauwezi kwenda mbali na kinena kwa sababu ngozi ile bado inakula kutoka kwa mama yake. Baada ya majuma matatu hivi, mishipa ya damu ya mkono huwa imeota na kuingia katika ngozi mpya. Ndipo shina linapokatwa, na mkono unakuwa huru.

Kila mkulima wa Mahango analijua jambo hili shambani kwake. Mmea wa malenge hutambaa, na pale ushina wake unapogusa udongo mzuri huotesha mizizi mipya. Ukiukata kabla mizizi haijashika, sehemu ya mbele hunyauka. Ukingoja, kila sehemu hujitegemea. Daktari alikuwa anangojea mizizi, nasi huku mlimani tulikuwa tunapiga kelele akate.

Njia hii ya kinena ilielezwa na madaktari McGregor na Jackson wa Glasgow, Uskoti, mwaka 1972, nayo ikaenea duniani. Siku hizi katika hospitali zenye vyombo vya hali ya juu, daktari anaweza kuihamisha ngozi kwa mara moja na kuiunga mishipa yake ya damu chini ya hadubini, kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kazi hiyo huhitaji hadubini, mafundi wengi na saa nyingi. Kwa sababu hiyo njia ya kinena haionekani mara kwa mara kama zamani, lakini haikufa. Mahali pasipo na hadubini, bado inaokoa mikono.

LAWAMA ZETU NA MAJIBU YAKE

Nimeziorodhesha hapa lawama zilizosemwa Mahango na Bwera, nikianza na ile yangu, kwa kuwa mwenye kufagia huanza na mlango wake.

Kwanza, ilisemwa kwamba huu ni urembo. Ni kweli kwamba tawi hili la utabibu ndilo pia linalorekebisha pua za matajiri na kunyosha makunyanzi ya wazee. Lakini shoka moja huchonga kinyago na pia hujenga nyumba. Kumfungulia mtoto mkono ili ashike kalamu si urembo. Na hata kama ungekuwa urembo, je, mtoto wa mlimani hana haki ya kutotazamwa kama kioja?

Pili, ilisemwa kwamba ngozi ile ilitolewa kwa maiti. Uongo. Ni ngozi ya mtoto mwenyewe, na ndiyo maana mwili wake unaikubali.

Tatu, ilisemwa kwamba ngozi ya kinena haifai mkononi, kwamba ni aibu. Ngozi ya mahali pale huchaguliwa kwa sababu ni legevu. Ikitolewa, kingo za kidonda huweza kuvutwa pamoja na kushonwa, na kovu linalobaki hufichwa na nguo.

Nne, ilisemwa kwamba kufungwa hivyo majuma matatu ni mateso. Hapa pana chembe ya ukweli. Mtoto huchoka, bega na kiwiko huweza kukakamaa, na ndiyo maana wauguzi humfanyisha mazoezi ya viungo vile vilivyo huru. Lakini majuma matatu ya tabu yapimwe na miaka sitini ya ngumi isiyofunguka.

UVUMI WA ZAMANI NA WA SASA

Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kulaumu bila kujua. Katika Italia, daktari Gaspare Tagliacozzi wa mji wa Bologna alitoa kitabu mwaka 1597 kueleza namna ya kutengeneza pua iliyokatika kwa ngozi ya mkono wa mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa alifungwa mkono wake usoni kwa majuma kadhaa, kwa sababu ile ile ya kungojea mizizi. Baadaye watu wa Ulaya wakazua uvumi kwamba pua hizo hukatwa kutoka nyama ya mtu mwingine, na kwamba mtu huyo akifa, pua nayo huoza na kuanguka. Washairi waliufanyia mzaha. Ufundi wenyewe ukasahauliwa huko kwa muda mrefu.

Bara Hindi walikuwa nao ufundi wao tangu kale, wa kushusha ngozi ya kipaji cha uso na kutengenezea pua. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapisha habari za mwendesha maksai wa Kihindi aitwaye Cowasjee, aliyekatwa pua vitani na kutengenezewa nyingine kwa njia hiyo. Mwaka 1814 daktari Joseph Carpue wa London akaijaribu, akafaulu. Kumbe elimu iliyodharauliwa na wengi ilikuwa mikononi mwa mafundi wasiojulikana.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu huko Sidcup, Uingereza, askari walioharibiwa nyuso kwa mizinga. Mwaka 1917 alikuwa akikunja ukanda wa ngozi kama mrija ili usioze, huku ukiwa na shina lake. Binamu yake, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili, kwenye mji mdogo wa East Grinstead. Wagonjwa wake walitembea mjini wakiwa na mirija ya ngozi usoni, na wenyeji wa mji wakafundishwa kuwasalimu bila kuwakodolea macho. Mji ule ukasifiwa kwa jambo hilo. Natamani siku moja Mahango isifiwe vivyo hivyo.

Na habari hiyo ina mwisho wake hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957 McIndoe, pamoja na Michael Wood aliyekuwa akifanya kazi Kenya, na Mmarekani Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni shirika la AMREF lenye makao yake Nairobi. Wote watatu walikuwa madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Hapa Uganda, hospitali ya CoRSU iliyopo Kisubi, kwenye njia ya Entebbe, na Hospitali ya Rufaa ya Kiruddu mjini Kampala, ni miongoni mwa mahali ambapo kazi hii inafanywa.

KUULIZA SI UJINGA

Msomaji mwingine atasema: je, basi tunyamaze tu, lolote daktari alitendalo? Hasha! Daktari ni binadamu, na kila upasuaji una hatari zake. Ngozi ya kinena huweza kufa sehemu yake, huweza kuingia usaha, na viungo huweza kukakamaa. Ngozi hiyo pia ni nene. Mkononi huonekana kama kitumbua mpaka ipunguzwe kwa upasuaji mwingine baada ya miezi kadhaa. Mzazi anayo haki ya kuuliza, na ayaulize haya kabla ya kutia sahihi:

Kwa nini njia hii na si ile ya kawaida? Mtoto atafungwa siku ngapi? Atapasuliwa mara ngapi kwa jumla? Mkono utaweza kufanya nini baadaye, na usiloweza ni lipi? Hatari zake ni zipi? Mazoezi yatakuwa ya muda gani, na nani atatufundisha? Gharama na nauli za kurudi ni kiasi gani?

Hayo ni maswali ya mtu anayetaka kujua. Lawama yangu mimi haikuwa swali. Ilikuwa hukumu iliyotolewa na hakimu ambaye hakusikiliza shahidi hata mmoja.

TUANZIE JIKONI

Akina mama na akina baba, upasuaji ulio bora ni ule usiohitajika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, wengi wao katika nchi zisizo tajiri. Wanaopona na vilema hawamo katika hesabu hiyo.

Inueni mafiga yenu kutoka chini, au zungushieni uzio hata wa fito. Mikono ya sufuria igeuzwe mbali na watoto. Taa ya kibatari isiwekwe karibu na chandarua.

Mtoto akiungua, mwondoeni nguo na bangili haraka, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi. Mmwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Hata kama saa moja au mbili zimepita, maji bado yanasaidia. Mwili wake uliobaki ufunikwe asipatwe na baridi. Msipake yai, unga, mafuta, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe. Funikeni kidonda kwa kitambaa safi na mwende kituo cha afya, hasa akiwa ameungua usoni, mkononi, sehemu za siri au kwenye kiungo chochote kinachokunjika.

Kidonda kikianza kupona, msiache kiungo kikiwa kimekunjwa kwa sababu mtoto analia. Ulizeni hospitali habari za gango la kunyoshea kiungo na mazoezi ya kila siku. Kovu hujivuta kwa miezi mingi baada ya kidonda kufunga, na huo ndio wakati ambao wengi wetu hudhani kazi imekwisha. Laiti yule binti angefungwa gango akiwa na miaka miwili, huenda asingehitaji kushonwa kinenani akiwa na sita.

MWISHO WA KISA

Baba alifika hospitali asubuhi, akiwa na maneno yangu moyoni na nauli ya watu watatu mfukoni. Alimwambia mkewe afungashe. Mama alikataa. Mwanamke huyu ambaye hakupita darasa la tano alimketisha mumewe kitandani, akamwonyesha vidole vya binti yao vilivyochomoza nje ya bandeji. Akavibonyeza, vikawa vyeupe, kisha damu ikarudi. Muuguzi alikuwa amemfundisha kuangalia hivyo kila asubuhi. "Baba," alimwambia mumewe, "vidole hivi vimenyooka. Tangu mwaka ule hujaviona vimenyooka. Nani amekuambia tuondoke?"

Alitaja jina langu. Mama akauliza: "Mwalimu alikuja hapa akaona?"

Hilo swali nililetewa Mahango, nami sina jibu lake hata leo.

Baba alibaki. Siku ya kukata shina ilipofika, mkono ulikuwa umeota mizizi. Leo binti yule ana kitumbua cha ngozi kiganjani. Kidole chake kidogo hakikunji vizuri, na ngozi mpya haihisi joto na baridi kama ile ya asili, hivyo hufundishwa kuwa mwangalifu jikoni. Lakini hushika kikombe, hufunga vifungo vya sare yake, na huandika. Nilikwenda kwao nikaomba radhi mbele ya wazee. Baba alinipokea kwa heshima. Mama alinikaribisha chai, na aliyeileta ni binti mwenyewe, kwa mkono wa kulia.

Ndugu msomaji, wewe uliyesoma ndiwe unayeletewa picha na kuulizwa. Kabla hujajibu, kumbuka kwamba upo upande wa pili mtu anayekwenda kupanda basi kwa ajili ya neno lako. Kusema "sijui, twende tukaulize" si kupoteza heshima. Mimi niliyekosa kulisema neno hilo siku ile, sasa ndilo ninalolianzia.